Hewa Hii Imetoka Wapi? Mwongozo wa Kusoma Matungamo ya Hewa na Fronti Ukiwa Nairobi

Kila Juni ikiingia, maswali ni yaleyale. "Fronti baridi imefika Nairobi?" "Mbona simu ilisema mvua asilimia 70 na nguo zangu zimekauka kambani?" "Barometa imeshuka tangu saa nne asubuhi, niingize vifaranga?" Majibu yote matatu huanzia mahali pamoja: hewa iliyo juu ya kichwa chako leo imetoka wapi. Ukilijua hilo, nusu ya utabiri umeshaipata kabla hujatazama wingu hata moja.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, aliye na nafasi ndogo ya kuweka vifaa na dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Hauchukui nafasi ya tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner. Wakitoa onyo la mafuriko, lifuate hata kama daftari lako linasema vingine.

Maneno mawili kwanza

Tungamo la hewa ni hewa nyingi, yenye upana wa mamia au maelfu ya kilomita, iliyokaa mahali pamoja hadi ikachukua tabia ya mahali hapo. Iliyolala juu ya bahari ya joto hubeba unyevu. Iliyolala jangwani huwa kavu. Fronti ni mpaka ambapo tungamo la baridi na la joto hukutana bila kuchanganyika upesi. Jina hilo lilitoka Bergen, Norwe, kwa kundi la Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, mara tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakilifananisha na mstari wa mbele vitani. Jacob alichapisha mchoro wake wa dhoruba na fronti zake mwaka 1919.

Sasa jambo ambalo wanaoanza wengi hulikosa: Nairobi haina fronti za namna hiyo. Fronti huhitaji hewa mbili zenye tofauti kubwa ya joto, na huhitaji mzunguko wa dunia uupinde upepo kwa nguvu. Sisi tuko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, ambapo mpindo huo karibu haupo, na hewa zinazokutana hapa hazipitani sana kwa joto. Zinapitana kwa unyevu. Kwa hiyo ukiletewa kitabu cha Ulaya kinachosema "tazama fronti joto ikikaribia", hicho ni kitabu kizuri cha Ulaya.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kipimajoto kimoja, cha spiriti au cha dijitali, kinachosomeka hadi nusu nyuzi.
- Barometa. Simu nyingi zina kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani. Pakua programu yoyote inayoonyesha namba ghafi kwa hektopaskali.
- Chupa ya soda ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka, kisu kikali, kokoto kidogo, rula ya plastiki na gundi ya utepe.
- Utepe mwepesi wa sentimita 30, fimbo ya mita 2, na dira (ya simu inatosha).
- Sahani tatu au nne za plastiki, nyeupe.
- Daftari la karatasi. Simu hupotea na hufutika. Daftari la mwaka jana ndilo litakalokufundisha zaidi ya mwongozo wowote.
- Bando dogo la kusoma ripoti za uwanja wa ndege na picha za setilaiti.

Hatua ya 1: Weka vifaa mahali pake

Kipimajoto kikae mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi, kivulini, hewa ikipita pande zote. Toboa sahani katikati, zipange juu kwa juu zikiachana sentimita 2 au 3, kisha ning'iniza kipimajoto ndani yake. Usikifunge ukutani. Vitabu vya Ulaya husema ukuta wa kaskazini ndio wenye kivuli mwaka mzima. Nairobi mwezi wa Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, kwa hiyo hakuna ukuta wa kuaminika. Na usikiweke karibu na mabati: mabati ya saa nane mchana yatakupa nyuzi 35 siku ambayo hewa yenyewe ni 26.

Kipimamvua kitengeneze hivi. Kata chupa theluthi moja kutoka juu. Tia kokoto chini hadi ivuke sehemu yenye mabonde, mimina maji hadi ubavu unapoanza kunyooka, na hapo uchore mstari wa sifuri. Pindua kichwa cha chupa kiwe faneli, kishikize kwa gundi ya utepe. Bandika rula, sifuri ikae kwenye mstari. Kila milimita maji yanayopanda ni milimita moja ya mvua. Mdomo ukae kama sentimita 30 juu ya ardhi, na umbali hadi ukuta au mti ulio karibu uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Matone mawili ya mafuta ya kupikia juu ya maji huzuia yasiende na jua.

Kosa la kawaida ni kusahau mstari wa sifuri na kupima kuanzia kitako cha chupa. Soma saa tatu asubuhi kila siku, mwaga, rudisha maji hadi sifuri.

Kwa mwenye tangi: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 40 likipigwa na milimita 25, ni lita 1,000 kabla ya kinachomwagika.

Hatua ya 2: Izoee barometa kabla ya kuiamini

Hapa ndipo wengi hupotea, basi twende polepole.

Namba ghafi ya Nairobi huzunguka hektopaskali 820 hivi, kwa sababu tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Programu ikikuonyesha 1018, imeshabadilisha namba iwe kama uko ufukweni. Zote mbili ni sahihi. Chagua moja, usizichanganye kwenye safu moja ya daftari.

Pili, kwa kimo chetu kila mita 10 za kupanda hupunguza takribani hektopaskali 1. Ukisoma ukiwa ghorofa ya nne asubuhi, na jioni ukasoma ukiwa dukani chini, barometa "itapanda" hektopaskali 1 na zaidi na hakuna kilichotokea angani. Uwanja wa ndege wa JKIA uko mita 1,624 na kituo cha Dagoretti mita 1,798: tofauti ya hektopaskali 17 hivi. Soma mahali pamoja, juu ya meza ileile.

Tatu, hewa ya tropiki ina kupwa na kujaa kwake kama bahari. Hufika juu kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka chini kabisa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mshuko wa mchana ni hektopaskali 3 hivi, kila siku, jua au mvua. Kule Uingereza barometa ikishuka kiasi hicho kwa saa chache, mtu huchukua mwavuli. Hapa ni Jumanne tu.

Kwa hiyo linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, basi. Tofauti ya hektopaskali 1 kwa saa ileile ni kubwa kwetu na inastahili kuandikwa.

Hatua ya 3: Pima upepo mara mbili

Kwanza chini. Simika fimbo mahali palipo wazi, funga utepe juu, soma kwa dira upande ambao upepo *unatoka*. Upepo wa mashariki hutoka mashariki. Ukiandika unakoelekea, daftari zima litasoma kinyume.

Kisha juu. Simama karibu na mlingoti wa stima au pembe ya jengo, tuliza kichwa, tazama wingu la chini likipita nyuma ya ncha yake kwa dakika moja. Kati ya maghorofa ya Pipeline au Kileleshwa upepo wa chini hupindwapindwa na majengo; mawingu hayapindwi. Zikipingana, amini mawingu.

Mwelekeo ukibadilika kati ya chini na juu, andika zote mbili. Siku ambayo chini kunavuma mashariki na mawingu ya juu yanatoka magharibi ni siku ya kutegea sikio.

Hatua ya 4: Soma ripoti ya uwanja wa ndege

JKIA hutoa ripoti fupi iitwayo METAR, na alama yake ni HKJK. Huu ni mfano:

HKJK 181200Z 06012KT 9999 FEW030 24/16 Q1018

- 18 ni tarehe. 1200Z ni saa ya kimataifa.
- 06012KT: upepo unatoka nyuzi 060, yaani kaskazini-mashariki kuelekea mashariki, kwa kasi ya noti 12 (kilomita 22 kwa saa).
- 9999: unaona kilomita 10 au zaidi.
- FEW030: mawingu machache, kitako chake futi 3,000 juu ya uwanja. SCT ni ya kutawanyika, BKN yamefunika zaidi ya nusu, OVC yamefunika anga lote. Ukiona CB, hilo ni wingu la radi.
- 24/16: joto ni nyuzi 24, nyuzi 16 ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hii ikipoa hadi hapo, mvuke wake huanza kuwa maji.
- Q1018: mgandamizo uliobadilishwa kuwa wa usawa wa bahari.

Kuhusu saa, tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato. Toa 3 kwenye saa ya Z, na jibu ni saa yetu: 1200Z ni saa 9 alasiri, 0600Z ni saa 3 asubuhi. Ikizidi 12 toa tena 12: 1800Z ni 15, yaani saa 3 usiku. Anayetumia saa za Kizungu ajumlishe 3.

Namba ya kuitunza kuliko zote ni kiwango cha umande. Joto hupanda na kushuka na jua. Kiwango cha umande hubadilika hasa tungamo linapobadilika. Ndicho kitambulisho cha hewa.

Hatua ya 5: Pima kitako cha wingu

Toa kiwango cha umande kwenye joto, zidisha kwa 125. Mfano wetu: 24 toa 16 ni 8, mara 125 ni mita 1,000 juu ya ardhi, ambazo ni karibu futi 3,300. Ripoti ilisema 3,000. Si haba.

Hesabu hii ni ya mawingu mafungu, yale ya pamba yanayoota mchana kwa joto la ardhi. Usiitumie kwa blanketi la kijivu la Julai.

Nairobi ina rula ya bure upande wa magharibi: milima ya Ngong. Kilele chake kina mita 2,460, kama mita 650 juu ya mji. Wingu likikifunika, kitako chake kiko chini ya hapo. Vilele vikionekana wazi na mawingu yakielea juu yake kwa nafasi, hewa ya chini ni kavu kiasi.

Hatua ya 6: Litambue tungamo

Una upepo, kiwango cha umande na kitako cha wingu. Sasa uliza: ni Kaskazi, ni Kusi, au ni ya Magharibi? Mabaharia wa pwani waliyapa mawili ya kwanza majina karne nyingi kabla ya setilaiti. Majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Kaskazi, yakarudi na Kusi.

*Kaskazi.* Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazini-mashariki. Hewa imetoka Uarabuni na Pembe ya Afrika, na njiani haikunywa maji ya kutosha. Alasiri ya Februari utaona joto la 27 na kiwango cha umande 9 au 10. Hesabu kitako: zaidi ya mita 2,000. Anga la buluu, usiku wa baridi, mchana wa jua kali, midomo inapasuka. Asubuhi safi, kutoka ghorofa ya juu, Mlima Kenya huonekana kaskazini-kaskazini-mashariki, umbali wa kilomita 140 hivi, na siku adimu hata Kilimanjaro, kama kilomita 200 upande wa kusini-kusini-mashariki. Ukiiona milima hiyo, anika mahindi.

*Kusi.* Huanza kushika Aprili au Mei na kutawala Juni hadi Septemba. Hutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa Mascarene, kusini mwa Bahari ya Hindi, na huingia nchini kutoka kusini-mashariki. Hapa ndipo watu hukosea: hewa imetoka baharini, mbona haileti mvua? Kwa sababu ina kifuniko. Juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi na kavu, linalozuia mawingu yasikue. Hewa hupanda mteremko kutoka pwani hadi nyanda za juu, hupoa, hufanya wingu pana na jembamba kama chapati. Wingu jembamba hutoa rasharasha tu. Julai huwa na chini ya milimita 20 kwa kawaida, ingawa jua laweza kukosekana kuanzia asubuhi hadi saa saba. Joto la juu kabisa ni 21 au 22, la chini 11 au 12.

Kwa hiyo baridi ya Julai ni kivuli. Jua likipasua wingu mapema, alasiri hiyohiyo unaweza kufika 24. Hewa hiyohiyo inayotuachia rasharasha huendelea kuvuka mashariki mwa Kenya kwa kasi, kama kilomita moja na nusu juu (mtaalamu wa hali ya hewa Findlater aliueleza mkondo huo mwaka 1969), kisha hugeukia India na kwenda kunyesha kule.

*Magharibi.* Hii ndiyo hewa ya Kongo: nene, yenye unyevu hadi juu, isiyo na kifuniko. Kwa kawaida hukomea Kericho na Kakamega, na Nairobi huiona kwa nadra. Ikivuka Bonde la Ufa, dalili ni hizi: mawingu yanatoka upande wa Ngong badala ya Athi River, kiwango cha umande kinafika 15 hadi 17 na hakishuki alasiri, mvua inanyesha saa zisizo zake, hata alfajiri. Ukiona mambo haya matatu mwezi wa Aprili, safisha mitaro leo, usingoje kesho.

*Kati yao.* Kaskazi na Kusi zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ukanda huo wa makutano hulifuata jua ukichelewa mwezi mmoja hivi. Jua hupita utosini mwetu katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kilele cha masika ni Aprili, cha vuli ni Novemba. Usiutafute ukanda huu kama mstari kwenye anga. Ni mkusanyiko wa mawingu ya radi yenye mapengo, ndiyo maana Kasarani hulowa na Lang'ata hupata vumbi.

Fronti ndogo ambayo Nairobi inayo

Ukitaka kuona fronti kwa macho, ngojea radi ya Novemba. Saa tisa na nusu alasiri, wingu jeusi limekaa upande wa Ruiru. Upepo wa mashariki unakata ghafla, utepe unalala kwenye fimbo. Kisha vumbi linainuka kutoka upande wa wingu, mabati yanagonga, utepe unanyooka ukielekea upande mwingine kabisa. Kipimajoto kilichosoma 25 kinasoma 18 baada ya dakika kumi, na barometa inaruka juu hektopaskali 1 au 2, saa ambayo ilipaswa kuwa chini kabisa. Matone makubwa yanafuata.

Hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu, ikaanguka, ikatapakaa ardhini na kuisukuma hewa ya joto juu. Ni fronti baridi ya upana wa kilomita chache na maisha ya saa moja. Andika saa, joto na mwelekeo kila dakika mbili; ukurasa huo mmoja utakufundisha kuliko michoro kumi.

Tahadhari: soma vifaa vilivyo wazi *kabla* ya radi, si wakati wake. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo na gawa kwa 3: hizo ni kilomita. Chini ya sekunde 30, ingia ndani, na uondoke kwenye paa la ghorofa.

Hatua ya 7: Tazama mbali

Mara moja kwa siku, fungua ramani ya hali ya hewa ya Afrika ya kusini na Bahari ya Hindi. Alama za fronti ni hizi: mstari wa buluu wenye pembetatu ni fronti baridi, mwekundu wenye nusu duara ni fronti joto, wa zambarau wenye alama zote mbili upande mmoja ni fronti iliyofungana, ambapo ya baridi imeifikia ya joto; alama zikipishana pande mbili, fronti imetulia. Pembetatu na nusu duara huelekea fronti inakokwenda. Fronti baridi ina mteremko mkali, huinua hewa haraka na kuleta mvua ya kishindo ya muda mfupi. Fronti joto hulala, kiasi kwamba mawingu ya nyuzinyuzi hutangulia mamia ya kilomita mbele ya mvua yenyewe.

Tafuta mambo mawili.

La kwanza, Juni hadi Agosti: fronti baridi iliyopita Cape Town na kufika Durban. Nyuma yake huja mgandamizo mkubwa, na hewa husukumwa kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji. Siku chache baadaye Kusi hupata nguvu na Nairobi hupata blanketi zito. Fronti yenyewe haikufika. Bahari imeipasha hewa joto njia nzima. Tulichopokea ni msukumo wake. Hilo ndilo jibu la swali la Juni.

La pili, Januari hadi Mei: kimbunga karibu na Madagaska. Kikikaa mashariki mwa kisiwa, mara nyingi huvuta hewa ya Kongo ivuke hadi kwetu. Machi 2018 kulikuwa na Dumazile na Eliakim, na masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Kikikaa magharibi mwa kisiwa, kwenye mlango wa bahari, mambo yanaweza kugeuka: Idai ilipoipiga Beira Machi 2019, masika ya Kenya yalichelewa. Usifanye hii kuwa kanuni ya chuma, lakini usikose kuitazama.

Hatua ya 8: Andika utabiri, kisha ujipe alama

Kila saa kumi na mbili jioni andika sentensi moja: tungamo gani, mvua ya milimita 1 au zaidi ndani ya saa 24 ndiyo au hapana, joto la juu kesho. Kesho yake weka alama.

Jilinganishe na mvivu anayeandika kila siku "kesho kama leo". Mwezi wa Julai atakushinda, usione haya. Machi na Oktoba, matungamo yanapobadilishana, ndipo utakapomwacha. Ukikosea, rudi kwenye hatua ya 6 uone ni dalili gani uliipuuza. Mara nyingi ni mwelekeo wa mawingu.

Mambo yakikwama

*Simu ilisema mvua asilimia 70, haikunyesha.* Programu nyingi hukadiria eneo la kilomita kadhaa kwa kadhaa kwa wakati mmoja, na radi moja ya Nairobi inaweza kuwa ndogo kuliko eneo hilo. Asilimia 70 ina maana kwamba katika siku kumi za namna hii, tatu utabaki mkavu.

*Barometa haibadiliki kabisa.* Programu inaonyesha namba ya intaneti badala ya kihisi. Panda ghorofa tatu ukiwa nayo. Isiposhuka hektopaskali 1 hivi, simu yako haina kihisi.

*Kipimajoto changu kinazidi JKIA kwa nyuzi 4 mchana.* Kinapigwa na jua la kuakisiwa, kwenye saruji au ukuta mweupe. Kikizidi usiku pia, kimekaa karibu na jiko au paa. Kikipungua nyuzi 1 au 2 nawe uko Karen au Kikuyu, kiko sawa: wewe uko juu zaidi.

*Kiwango cha umande kilishuka ghafla kutoka 15 hadi 10 saa nane mchana.* Jua limekoroga hewa kavu ya juu ikashuka. Kama upepo haukubadilika, tungamo ni lilelile. Linganisha na la asubuhi kesho.

*Kipimamvua changu kimesoma milimita 12, cha jirani 31.* Kwanza kagua kama kuna mti au ukuta upande ambao mvua ilitokea. Kama hakuna, na ilikuwa ya radi, huenda wote mko sahihi.

*Mawingu ya nyuzinyuzi yamefunika anga, kitabu kinasema fronti joto inakuja.* Hapa nyuzi hizo kwa kawaida ni vichwa vya mawingu ya radi yaliyokufa, yamepeperushwa kutoka mbali. Angalia yanatokea upande gani, tafuta radi hizo kwenye picha ya setilaiti, na urudi kwenye upepo wa chini.